Kutambua Miche Iliyojiotea Bustanini Kabla ya Kuitia Chunguni

Mvua za masika zikishika hapa Mombasa, kitalu kilichopaliliwa juzi hujaa miche ambayo hakuna aliyeipanda. Mingi huja na samadi, kwa kuwa mbegu nyingi za magugu hupita tumboni mwa ng'ombe na mbuzi bila kuharibika. Baadhi yake ni mboga nzuri na baadhi ni sumu, na ingali na majani mawili tu hufanana mno. Mimi huuhesabu mche kuwa mboga pale tu unapothibitishwa na ua lake, au unapolingana na mwenzake ulioupanda kwa mbegu unayoijua.

Hatua ya 1. Andaa miche ya kulinganishia. Mwagia udongo maji yanayochemka ili kuua mbegu zilizomo, uache upoe, kisha ujaze kwenye mikebe iliyotobolewa chini. Panda mbegu za mchicha, mnavu na mgagani kutoka duka la pembejeo, kila mkebe mbegu yake.

Hatua ya 2. Unapopalilia, acha miche miwili mitatu ya kila aina usiyoijua na uichomekee kijiti pembeni.

Hatua ya 3. Chunguza majani ya mwanzo, kisha yale yanayofuata. Majani ya mwanzo ya mchicha ni membamba, na upande wa chini mara nyingi yana wekundu. Jani linalofuata huwa na kibonyeo kidogo kwenye ncha. Hapa panahitaji macho makali zaidi kwa mnavu na mnanaha, gugu lenye sumu, kwa sababu mimea hii ni ya ukoo mmoja. Majani ya mwanzo ya mnavu ni madogo, ya umbo la yai lililochongoka, ilhali ya mnanaha ni marefu na membamba kama ulimi, na pengine ganda la mbegu hubaki limening'inia kwenye ncha. Mnanaha wote ni sumu, kuanzia mizizi hadi mbegu, na kuupika hakuiondoi sumu hiyo.

Hatua ya 4. Vunja kikonyo, utazame utomvu, unuse, kisha unawe mikono. Wengi husema kwamba mmea wenye utomvu mweupe hauliwi, lakini kanuni hiyo haitoshi. Mchunga, ambao watu wa Pwani wameula tangu zamani licha ya uchungu wake, hutoa utomvu mweupe. Mnanaha hauna utomvu huo, nao huweza kuua. Kanuni hiyo hufaa mahali pamoja: tako la hasani, mboga yenye majani manene na shina laini lenye majimaji, hutambaa ardhini karibu na mziwaziwa, gugu lisiloliwa, na ukivunja shina la mziwaziwa hutoka maziwa, lakini la tako la hasani hutoa maji tu. Mchunga nao una alama yake: fukua taratibu, na mara nyingi utakuta chipukizi limetoka kwenye mzizi mweupe unaotambaa chini ya udongo. Usionje chochote katika hatua hii, hata kwa ncha ya ulimi.

Hatua ya 5. Subiri ua. Mnavu hutoa vishada vya maua madogo meupe yenye kitovu cha manjano. Mnanaha hutoa ua kubwa la umbo la tarumbeta, kisha tunda la miiba. Programu za simu za kutambua mimea hukosea sana kwenye miche, kwa hiyo ni afadhali kupeleka tawi lenye ua kwa kina mama wanaouza mboga za kienyeji katika soko la Kongowea. Wakitofautiana, hifadhi ya mimea iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi hutambua vielelezo vilivyokaushwa.

Hatua ya 6. Hata mboga iliyothibitishwa iache ikiwa imeota kando ya mtaro wa maji machafu, jaani au penye dawa ya kuua magugu. Iliyo safi ichemshe, mwaga maji ya kwanza, kisha uiunge kwa tui la nazi. Kwa mnavu tumia majani pekee, kwani matunda yake mabichi yana sumu. Mara ya kwanza kula kidogo, na usiichanganye na mboga nyingine ngeni, ili tumbo likisumbuka ujue ni ipi iliyolisumbua.