Somo: Paka wa uso bapa anakoroma? Anza kumhesabia pumzi

Paka wa Kiajemi akikoroma wengi hudhani ndivyo alivyoumbwa. Kwa kweli ni uzazi wa kuchagua, yaani watu kuwazalisha paka wenye uso mfupi, uliomfupisha fuvu, huku nyama laini za ndani zikibaki nyingi kupita nafasi iliyopo. Kaakaa laini, yaani sehemu ya nyuma ya paa la mdomo, linaweza kuziba koo, na matundu ya pua yanabana. Paka wa aina za Exotic Shorthair na Himalayan wana tatizo hilohilo.

Hatua ya 1: Hesabu pumzi. Hapa msifanye haraka. Subiri alale fofofo. Akiwa anaunguruma kwa raha hesabu haifai. Kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Hesabu kwa sekunde 30, zidisha kwa 2, uandike na tarehe. Kawaida ni kati ya 15 na 30 kwa dakika. Ikizidi 30 mara kwa mara, mpigie daktari wa mifugo. Ikipita 40, mpeleke siku hiyohiyo. Rekodi video pia, maana akifika kliniki hupumua tofauti kwa woga.

Hatua ya 2: Tazama pua na tumbo. Tundu la pua liwe wazi, lisiwe ufa mwembamba. Tumbo likivutwa kwa nguvu kila anapopumua, anahangaika hata kama anakula vizuri.

Hatua ya 3: Punguza joto. Walio Mombasa, Dar na Unguja wanalijua joto lenye unyevu. Mwachie sakafu ya vigae, feni na maji, na mcheze naye alfajiri.

Hatua ya 4: Ondoa moshi. Udi, sigara, jiko la mkaa, dawa ya mbu ya kuchoma: vyote viwe mbali na chumba anacholala.

Hatua ya 5: Uzito. Mafuta ya shingoni na kifuani yanazidi kumbana. Mpimie chakula.

Dharura: Paka hatweti kama mbwa. Akipumua kwa mdomo wazi hali ametulia, au fizi zikigeuka kijivu au bluu, usimkabe wala kumnywesha kitu. Mtie kwenye kikapu chenye hewa, uende sasa hivi.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwalimu, ana mafua. Nimpe robo ya Panadol?*
Hapana, dada yangu, hata kipande! Parasetamoli huharibu damu ya paka isibebe oksijeni, na inaua. Makamasi yakiwa mazito au ya kijani, huenda ni maambukizi. Daktari atampa dawa yake.

*Upasuaji unasaidia?*
Ndiyo. Hupanuliwa matundu ya pua, na kaakaa likizidi hupunguzwa. Muulize daktari nani atamwangalia anapozinduka kwenye nusukaputi, kwani hapo njia ya hewa huziba kirahisi.

*Wangu anakoroma sana ila ni mzuri, nataka nimzalishe.*
Nakusihi usifanye hivyo, kaka. Umbo hilo la uso hurithiwa, na watoto watakaozaliwa ndio watakaohangaika kupumua.

*Niko Dubai, narudi Dar naye mwezi wa saba.*
Mashirika mengi ya ndege hayapokei paka wa uso bapa kwenye sehemu ya mizigo, na mwezi huo joto la huko ni kali mno. Uliza kabla hujakata tiketi, uchague ndege ya usiku, na usikubali apewe dawa ya usingizi.