Kazi ya ujenzi imetolewa bila zabuni: jinsi ya kuweka pingamizi GAO

Nimetoka kumsaidia mwenzangu mwenye kampuni ndogo ya ujenzi kupinga kandarasi ya serikali kuu ya Marekani mbele ya GAO, yaani Ofisi ya Uwajibikaji wa Serikali, ambayo husikiliza pingamizi za zabuni. Hatua ni hizi.

1. Hakikisha ni pingamizi. Kama mkataba ni wako na mnazozania malipo ya kazi ya nyongeza, peleka dai kwa afisa wa mikataba chini ya Sheria ya Migogoro ya Mikataba ya 1978. GAO ni kwa aliyenyimwa nafasi ya kushindana.

2. Jibu tangazo la kusudio. Ofisi ya serikali inayotoa kazi ikitangaza kwenye SAM.gov, tovuti ya zabuni za serikali kuu, kwamba inakusudia kuipa kazi kampuni moja, tuma maelezo ya uwezo wako kabla muda haujaisha. Ukinyamaza, pingamizi lako litatupwa.

3. Hesabu siku. Hapa ndipo watu huumia. Kuna siku 10 za aina mbili. Za kwanza huanza ulipojua, au ulipopaswa kujua, sababu ya kulalamika, zikipita, umechelewa. Za pili huanza mkataba ulipotolewa, na ndizo zinazosimamisha kazi: taarifa ya GAO lazima iifikie ofisi husika ndani yake. Sasa angalia mtego. Hati ya kueleza kwa nini hapakuwa na ushindani inaweza kuchapishwa hadi siku 14 baada ya mkataba, au 30 wakidai dharura. Ukiisubiri, pingamizi linaweza kupokelewa, lakini katapila litaendelea kuchimba msingi huku shauri likichukua hadi siku 100. GAO nayo ina siku moja ya kuiarifu ofisi, kwa hiyo usingoje siku ya 10; mimi sivuki ya 7. Wikendi zinahesabiwa. Nyaraka zikiingia baada ya saa 11:30 jioni, saa za Washington, ni za kesho yake. Tumia kalenda ya karatasi na kalamu za rangi mbili; simu huficha hesabu hizi.

4. Jenga hoja. Wakitaja dharura, chunguza kama ilitokana na kutopanga mapema. Sheria ya Ushindani katika Mikataba ya 1984 haikubali sababu hiyo. Kama kazi imeongezwa kwa kurekebisha mkataba wa kampuni nyingine, onyesha marekebisho yamevuka upeo wa awali, la sivyo GAO haiyagusi. Linganisha aina ya kazi, muda na gharama, kisha uliza: je, tangazo la zabuni liliwadokezea wazabuni mabadiliko hayo? Mkataba wa kukarabati paa ukiongezewa ghala jipya, una hoja. Bei kupanda peke yake ni hoja dhaifu.

5. Jibu ripoti. Ofisi iliyotoa kazi huwasilisha GAO ripoti ya kujibu pingamizi lako ndani ya siku 30. Toa maoni ndani ya siku 10, hata kama ni mafupi. Usipotoa, shauri linafutwa.