Jinsi ya kupunguza makorokoro nyumbani hadi akili itulie

Unaweza kuwa umefagia na kupiga deki asubuhi, na bado ukakaa sebuleni bila raha. Mara nyingi kinachosumbua ni maamuzi yaliyoahirishwa: shati linalosubiri kifungo, risiti ambayo hujui kama bado ina kazi, chaja ya simu iliyokufa zamani. Kila kimoja kikiwa mbele ya macho kinadai jibu. Mwaka 2010 watafiti Darby Saxbe na Rena Repetti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha utafiti kuhusu wanandoa na nyumba zao. Wanawake walioielezea nyumba yao kuwa imejaa vitu na kazi zisizokwisha, homoni yao ya kotisoli, inayohusiana na msongo, haikushuka kwa siku nzima kama inavyotarajiwa. Hilo halithibitishi kwamba vitu ndivyo vilivyoleta msongo. Huenda aliyeelemewa ndiye anayeshindwa kupanga. Hata hivyo, kupunguza vitu kuko mikononi mwako, na kunaanza na kuamua. Kupanga huja baadaye.

Anza padogo, na usinunue chochote

Wengi huanza kwa kununua makapu na maboksi ya plastiki. Matokeo yake wanapanga vizuri vitu wasivyovihitaji, na makapu yenyewe yanakuwa mzigo mpya. Vyombo vya kuhifadhia vinunuliwe mwisho, ukishajua kilichobaki na ukishapima rafu: upana, kimo na kina. Kina ndicho kinachosahauliwa, halafu mlango wa kabati unakataa kufunga.

Kosa jingine ni kuivamia nyumba nzima kwa siku moja. Ukimwaga kila kitu asubuhi, ikifika alasiri nguvu za kuamua zimekwisha, na usiku unalala katikati ya marundo. Chagua droo moja au rafu moja. Weka kengele ya simu dakika 30: 20 za kuchambua na 10 za kurudisha vitu na kutoa visivyotakiwa. Usizile hizo kumi za mwisho, maana bila hizo umehamisha tu vurugu kutoka ndani ya droo kuja sakafuni.

Kabla ya droo ya kwanza, pita nyumba nzima mara moja na mfuko wa taka. Okota vifungashio vitupu, kalamu zisizoandika, magazeti ya zamani, vyombo vilivyopasuka. Hakuna cha kufikiri hapo, na macho yanapata nafuu mapema. Kisha fanya hivi:

1. Toa kila kitu kilichomo. Ukichambua vitu vikiwa bado ndani utaviruka, kwa sababu jicho limeshavizoea. Futa droo kwa kitambaa chenye unyevu na uiache ikauke.
2. Kusanya vya aina moja pamoja, hata vilivyo vyumba vingine. Mikasi minne iliyotawanyika haionekani kuwa mingi mpaka ilale pamoja mezani.
3. Shika kimoja kimoja na ukipe njia mojawapo: kinabaki, kinahamia chumba kingine, kinatolewa, kinatupwa. Jiulize: nimekitumia miezi 12 iliyopita? Kipo kingine kinachofanya kazi hiyohiyo? Kikiharibika leo, nitahangaika kutafuta kingine? Swali la tatu huwa kali kuliko mengine. Kibovu kinachostahili kutengenezwa kipe siku 14 kifike kwa fundi, zikipita, hukihitaji.
4. Usichoweza kuamua kitie kwenye boksi moja, lifunge kwa utepe wa gundi na uandike tarehe juu. Siku 90 zikiisha hujalifungua kutafuta kitu, litoe lilivyo. Nyaraka, dawa na vitu vya thamani visiingie humo. Boksi la pili likianza kuonekana, umeshaanza kukwepa maamuzi.
5. Vya kutoa viondoke ndani ya saa 48. Mfuko uliosimama mlangoni wiki nzima hufunguliwa, na nusu ya vilivyomo hurudi kabatini.

Anza na sehemu zisizo na hisia, kama bafuni, jikoni au droo ya waya. Picha, barua na vitu vya marehemu viwe vya mwisho kabisa, mkono ukishazoea kuamua. Kwa vitu hivyo vya kumbukumbu, weka boksi moja la ukubwa wa kadiri kwa kila mtu wa nyumbani. Likijaa, kipya kinaingia kwa kutoa kingine. Na usiguse vya mwenzako bila ruhusa. Anayetupiwa vitu vyake kwa siri huanza kuficha na kulimbikiza zaidi.

Vitu vya kushughulikia kwa tahadhari

Chini ya sinki la jikoni watu hukuta chupa tatu za dawa za usafi, kila moja ikiwa nusu, wakashawishika kuzimimina pamoja ili kupata nafasi. Usifanye hivyo hata kidogo. Dawa yenye klorini ikikutana na dawa ya choo yenye asidi hutoa gesi ya klorini, na ikikutana na amonia hutoa gesi za kloramini. Zote ni sumu kwa mapafu. Kila dawa ibaki kwenye chupa yake yenye maandishi, kamwe isiwe kwenye chupa ya kinywaji, mahali ambapo mtoto hafikii.

Dawa za hospitali zisikae bafuni, kwa kuwa mvuke na joto huziharibu. Zitafutie sehemu kavu, ya juu, yenye kufuli. Zilizopita muda zipeleke kwenye duka la dawa au kituo cha afya kinachozipokea.

Chaja na waya zijaribu moja baada ya nyingine. Inayofanya kazi ivishe lebo ya kifaa chake siku hiyohiyo, kwa sababu mwezi ujao utakuwa umesahau. Betri ya lithiamu iliyovimba usiitoboe, usiichaji, wala usiitupe kwenye taka za kawaida, maana inaweza kulipuka moto. Ipelekwe panapokusanywa taka za elektroniki. Simu ya zamani kabla ya kuitoa, ondoa laini na kadi ya kumbukumbu, kisha futa taarifa zote zilizomo.

Karatasi zina tabia ya kurudi, kwa hiyo zigawe makundi mawili tu. La kudumu ni vyeti vya kuzaliwa, ndoa na elimu, pamoja na hati za umiliki. La muda ni mikataba, waranti, risiti na karatasi za kodi, ambazo muda wake wa kutunzwa hutegemea sheria za nchi yako. Risiti nyingi za dukani huchapishwa kwa joto na hufifia zikikaa juani au penye joto, hivyo ya kitu chenye waranti ipige picha mapema. Zenye namba za akaunti au kitambulisho zichane vipande vidogo kabla ya kuzitupa.

Mahali pa kila kitu

Hapa ndipo nyumba nyingi hushindwa. Watu hupunguza vizuri, halafu wanarudisha vitu pale vilipokuwa, na wiki tatu baadaye hali ni ileile. Kitu kikae karibu na kinapotumika, hata kama si “chumba chake”. Kama kila siku mkasi unakutwa mezani, basi mezani ndiko unakohitajika. Uwekee kikombe hapo badala ya kugombana na watu.

Hesabu miondoko ya kurudisha kitu. Kufungua droo na kuweka ni miwili, na karibu kila mtu ataifanya. Kushusha boksi la juu, kufungua kifuniko cha la chini, kuweka, kufunga na kupandisha tena ni mitano, na hakuna atakayejisumbua. Kitu kitaachwa juu ya boksi. Vifuniko viwe kwa vitu vya msimu pekee.

Vya kila siku viwe kati ya kiuno na usawa wa macho. Vizito viwe chini ya kiuno, visije vikamwangukia mtu anayevivuta. Vya mara moja kwa mwaka viende juu kabisa au chini ya kitanda. Rafu isijae kupita robo tatu hivi, kwa kuwa iliyosheheni hukulazimu kutoa vitatu ili kupata kimoja, na hivyo vitatu havirudi.

Nguo zina hila nyepesi: geuza henga zote zielekee upande mmoja, na kila nguo unayoivaa na kuirudisha igeuze upande wa pili. Baada ya miezi 6 zisizogeuzwa zinajitaja zenyewe, ukiacha za msimu na za shughuli maalumu. Usihifadhi nguo ambayo haijafuliwa au haijakauka vizuri. Jasho na madoa ya chakula huvuta nondo kwenye sufu, na unyevu huleta ukungu.

Vitu vya watoto viwe kwenye kimo chao, kwenye maboksi wazi yenye picha badala ya maandishi. Ficha nusu ya vichezeo na uvibadilishe kwa zamu kila baada ya wiki mbili au tatu. Havitakuwa vimepungua idadi, lakini vinavyotapakaa sakafuni vitakuwa nusu.

Kuilinda hali hiyo

Kila jioni toa dakika 10, si zaidi: sinki liwe tupu, meza iwe wazi, sakafu isiwe na kitu. Kila mtu abebe vyake. Kapu moja la “vinavyohama” liwe sebuleni na limwagwe kabla ya kulala. Karibu na mlango weka ndoano ya funguo, sahani ya vitu vya mfukoni na rafu ya viatu. Bila hivyo meza ya kwanza kutoka mlangoni itageuka stoo.

Kitu kipya kikiingia, cha aina hiyohiyo kitoke siku hiyo. Kwa ununuzi usio wa lazima, subiri siku 7 na uwe umeshajua kitakaa wapi.

Kama mtu hawezi kuachana hata na taka, vitanda na jiko havitumiki tena kwa kujaa vitu, na kuguswa kwa vitu hivyo kunamletea hofu kubwa, mwongozo wa kupanga hautamsaidia. Huenda ni ugonjwa wa kulimbikiza vitu, na atakayemfaa ni mtaalamu wa afya ya akili.

Kukiwa na ugonjwa, safari au msiba, mpangilio utaharibika. Usianze na makabati. Toa taka, osha vyombo, kusanya nguo chafu, kwa mfuatano huo, kwa kuwa hivyo vitatu ndivyo vinavyoleta harufu na wadudu. Karatasi na droo zinaweza kungoja hadi wiki ijayo.