Seva ya ofisini, hatua kwa hatua: kazi iendelee hata intaneti ikikatika

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Ofisi iliyoweka mafaili yake yote ng'ambo, siku kama hiyo inashindwa kufungua hata barua iliyoandikwa jana na mtu wa meza ya pili. Barua hiyo haikuwa na sababu ya kuvuka bahari.

Mwongozo huu ni wa ofisi ndogo, shule au zahanati inayotaka seva yake, yaani kompyuta moja inayotunza mafaili na kuyagawia kompyuta nyingine. Sisemi uachane na wingu, yaani kompyuta za mbali unazozifikia kwa intaneti. Nasema kinachotumika kila siku ndani ya jengo kikae humo humo.

Hatua ya 1: Gawa kazi

Mafaili ya pamoja, mfumo wa mahesabu, kumbukumbu za wanafunzi au wagonjwa: ndani. Barua pepe na tovuti ya umma: ziache nje. Ukiendesha seva ya barua pepe mwenyewe, barua zako nyingi zitaishia kwenye kapu la taka la wapokeaji, na kulirekebisha hilo kutakula muda wako wote.

Hatua ya 2: Anza na umeme

Watu wengi hukimbilia kununua mashine. Mimi naanza na umeme, maana ndio unaoua seva nyingi huku kwetu. Piga hesabu: kompyuta ya mezani ya umbo dogo ikiwa kwenye kazi nyepesi hula kama wati 30, ruta na swichi wati 15. UPS (kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme ule wa ukutani ukikatika) yenye betri ya volti 12 na Ah 9 (saa-ampea) ina Wh 108 (saa-wati, yaani 12 mara 9) kwenye karatasi. Tegemea nusu yake tu, kwa kuwa sehemu hupotea njiani na betri huchoka. Kwa wati 45 hizo, ni kama saa moja. Inatosha kuvuka mkatiko mfupi na kuizima seva kwa utaratibu ukiwa mrefu. Chagua UPS yenye tundu la USB, tutalihitaji.

Hatua ya 3: Mashine na mahali pake

Iliyotumika inafaa kabisa: RAM ya GB 16, na nafasi ya diski tatu, moja ndogo ya mfumo na mbili zinazolingana za data. Iweke kwenye kabati lenye kufuli na matundu ya hewa, juu ya sakafu. Ukiwa pwani, usiiweke karibu na dirisha. Hewa ya chumvi hula viunganishi taratibu.

Hatua ya 4: Programu na diski

Weka mfumo wa Ubuntu Server toleo la LTS (linalopata masasisho kwa muda mrefu), kisha:

sudo apt install zfsutils-linux samba nut restic
ls -l /dev/disk/by-id/
sudo zpool create -o ashift=12 kabati mirror /dev/disk/by-id/DISKI-A /dev/disk/by-id/DISKI-B

Zfsutils ni ya kuunganisha diski, Samba ya kugawa folda kwenye mtandao wa ofisi, NUT ya kuongea na UPS, na restic ya nakala za akiba. Neno kabati kwenye amri ni jina nililoipa hifadhi ya diski mbili hizo. Badilisha DISKI-A na DISKI-B kwa majina uliyoyaona. Tumia haya marefu, usitumie sda na sdb, kwani hayo huweza kubadilishana mashine ikiwaka upya. Hakikisha mara mbili: amri ya mwisho inafuta kilichomo. Sasa diski moja ikifa, nyingine inaendelea na kazi. Lakini mtu akifuta faili, limefutika kote kuwili, kwa hiyo hii bado si nakala ya akiba.

Hatua ya 5: Mtandao

Kwenye ruta itengee seva anwani moja isiyobadilika, mfano 192.168.10.10, na uiunganishe kwa waya. Kisha fungua folda za Samba, kila mtu na nenosiri lake. Usifungue mlango wowote wa Samba kuelekea intaneti. Walio nje waingie kwa WireGuard, programu inayowaunganisha na mtandao wa ofisi kwa njia iliyofungwa kwa ufunguo.

Hatua ya 6: Chomoa plagi

Sanidi NUT isome UPS kwa USB, na kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine) chagua mashine ijiwashe umeme ukirudi. Halafu, jioni watu wakishatoka, chomoa UPS ukutani na ukae hapo. Fuatilia chaji kwa upsc ups@localhost battery.charge (hapa UPS nimeiita ups). Seva izime yenyewe betri ikikaribia kuisha, kisha UPS nayo ikate umeme kwenda kwenye seva.

Hicho cha mwisho ndicho kinachosahaulika. Umeme ukirudi seva imeshajizima lakini UPS haijakata, mashine haioni kwamba umeme ulikatika, kwa hiyo haijiwashi. Asubuhi watu wanakuta seva imelala na hakuna wa kuiamsha. Rudia jaribio, safari hii ukirudisha plagi mara tu seva inapoanza kujizima, uone kama itajiwasha yenyewe. Usimpe mtu data kabla majaribio yote mawili hayajapita.

Hatua ya 7: Nakala za akiba

Tumia restic kila usiku kwenda sehemu mbili: diski ya nje, na hifadhi ya wingu. Hapa wingu lina kazi yake hasa. Ziwe diski mbili za nje zinazopokezana, moja ikilala nje ya jengo. Moto na wezi havichagui. Restic hufunga data kwa nenosiri. Likipotea, data imepotea, basi liandike kwenye karatasi na uiweke mahali salama.

Kama una taarifa za wagonjwa au wanafunzi, soma sheria kabla ya kuzipeleka ng'ambo: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina yake ya 2019, na zote zina masharti juu ya kuzitoa nje ya nchi.

Kila mwezi rudisha folda moja kwenye kompyuta tofauti na seva, diski ya nje ikiwa imechomekwa hapo:

restic -r /mnt/nje restore latest --target /tmp/jaribio --include /kabati/mahesabu

Muite mhasibu afungue faili la wiki iliyopita na athibitishe tarakimu zake mwenyewe.