Kukagua nyumba kabla ya kununua au kuuza: yafuate maji

Wateja wengi wanaoniita niwakagulie nyumba hutaka nikitoka ndani niseme neno moja tu: nyumba ni nzima au si nzima. Silisemi. Nyumba isiyo na kasoro haipo, hata ile ambayo rangi yake bado inanukia. Maswali yenye faida ni haya: kasoro ni zipi, chanzo chake ni nini, na kuzitibu ni kazi ya kupaka rangi au kazi ya kuvunja?

Katika ukaguzi wa majengo, sehemu kubwa ya majibu hayo utaipata ukiyafuata maji. Yanaingilia wapi, yanapita wapi, yanatokea wapi, na yakizuiwa yanakimbilia upande gani. Mbao zinaoza kwa maji, nondo zinashika kutu kwa maji, udongo chini ya msingi unavimba na kusinyaa kwa maji, na mchwa hupenda mahali penye unyevu. Ndiyo maana hatua zilizo hapa chini zinaanzia nje, zinapanda juu, kisha zinashuka ndani, jinsi mvua inavyoingia.

Hatua ya 1: Ukaguzi uingie kwenye makubaliano kabla ya pesa

Ukishalipa, ripoti inakuwa orodha ya majuto. Kabla ya kutoa malipo ya awali, andikianeni kwamba ununuzi unategemea matokeo ya ukaguzi, mnunuzi ana siku kadhaa za kukagua, na akikuta kasoro kubwa anaweza kujitoa na kurudishiwa pesa yake. Muuzaji akikataa kabisa nyumba isikaguliwe, kukataa kwake nako ni taarifa.

Usichanganye watu watatu. Mthamini anakwambia nyumba ina thamani gani sokoni. Mpimaji ardhi anakuonyesha mipaka ya kiwanja. Mkaguzi wa majengo anaangalia hali ya jengo lenyewe. Kila mmoja ana karatasi yake, na hakuna inayoziba pengo la mwenzake. Habari za hati na madeni ni za mwanasheria.

Hatua ya 2: Tafuta mkaguzi asiye na maslahi

Usimchukue aliyeletwa na dalali, kwa kuwa dalali hulipwa biashara ikifungwa. Usimchukue pia fundi anayetarajia kupewa kazi ya kurekebisha atakachokikuta. Huyo ataona ubovu hata usipokuwepo. Mwombe akuonyeshe ripoti aliyowahi kuandika, majina yakiwa yamefichwa. Ripoti nzuri ina picha, inataja mahali hasa (ukuta wa kaskazini wa chumba cha pili, chini ya dirisha), na inasema nini kifanyike. Muulize kama anapanda kwenye paa na kuingia juu ya dari. Anayekagua paa akiwa amesimama uani hajakagua paa.

Hatua ya 3: Chagua siku, na uwepo

Siku bora ni ya mvua, au inayofuata mvua kubwa. Watu hukimbilia siku ya jua kwa sababu viatu havichafuki, lakini jua huficha mengi. Hakikisha umeme na maji vipo, funguo zote zipo, na makabati yanaweza kusogezwa. Nyumba ya kawaida huchukua saa mbili hadi nne. Anayemaliza kwa nusu saa ametembea tu.

Nenda mwenyewe. Ripoti inaandikwa kwa tahadhari, ila mkaguzi akiwa ameinama kwenye ufa atakwambia kwa mdomo kama huo ni wa kukunyima usingizi au la. Beba tochi, bisibisi, pima maji, rula, penseli na gololi moja.

Hatua ya 4: Nje, mara mbili

Mzunguko wa kwanza uwe wa mbali. Tazama mstari wa paa: umenyooka au umebonyea katikati? Kuta zimesimama wima? Kiwanja cha jirani kipo juu, na maji yake yanapitia wapi?

Mzunguko wa pili, sogea karibu na utazame chini. Ardhi inatakiwa iteremke kutoka ukutani angalau sentimita 15 ndani ya mita tatu za kwanza. Ikiteremkia ukutani, kila mvua inamwagwa kwenye msingi. Angalia kama udongo au sakafu ya nje imepandishwa mpaka karibu na usawa wa sakafu ya ndani. Hapo unyevu wa udongo unapita juu ya karatasi iliyolazwa juu ya msingi ili kuuzuia, na kuingia ukutani. Fuata gata, mfereji unaokinga maji ya paa, mpaka mwisho wa bomba lake. Mara nyingi utakuta linamwaga kwenye kona ya nyumba, na kwenye kona hiyohiyo ndipo ulipo ufa.

Kuhusu nyufa nitakaa kidogo, kwa sababu ndizo zinazowatisha watu kuliko vyote, na mara nyingi wanaogopa ule usiostahili.

Nyufa nyembamba kama unywele, zilizotapakaa kwenye plasta mfano wa wavu, huwa ni plasta iliyokauka haraka. Hazipendezi, lakini hazibebi kitu. Ufa unaoanzia kwenye kona ya dirisha au mlango na kupanda mshazari unahitaji kutazamwa zaidi: huenda linta (boriti iliyo juu ya dirisha au mlango) ni fupi, huenda msingi umeshuka kidogo zamani na kutulia. Ufa unaopanda kama ngazi, ukifuata viungo vya matofali, ni dalili kwamba msingi unasogea au uliwahi kusogea. Weka rula. Uliozidi milimita 5 kwa upana, au unaoonekana nje na ndani mahali palepale, mwite mhandisi wa majengo. Angalia pia kama juu ni mpana kuliko chini. Mara nyingi maana yake upande mmoja unazama. Ufa wa kulala kwenye ukuta unaozuia udongo unaonyesha kuwa udongo unausukuma, hasa kama ukuta huo haukuachiwa matundu ya kutolea maji.

Ufa una umri wake. Wa zamani una vumbi, utando wa buibui, au rangi iliyoingia ndani. Mpya una kingo kali na safi. Unaonishughulisha zaidi ni uliozibwa kisha ukafunguka tena palepale: hapo kuna kitu kinaendelea. Ukiwa na wiki kadhaa za kusubiri, piga mistari miwili ya penseli, mmoja kila upande wa ufa, pima nafasi kati yake, andika tarehe, kisha rudi kupima.

Kwenye nguzo na boriti za zege tafuta mistari ya rangi ya kutu na vipande vilivyobanduka. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichozaa kutu hiyo, kwa hiyo nondo inaposhika kutu hulipasua zege kutokea ndani. Kupaka saruji juu yake ni kufunika tu.

Hatua ya 5: Paa na juu ya dari

Kwa nje, angalia misumari iliyolegea, mabati yenye kutu kwenye maungio, kofia za paa, na mabonde ambako miteremko miwili inakutana. Mabonde huvuja kuliko sehemu nyingine. Nyumba ikiwa ya zamani na imeezekwa kwa shiti za saruji za kijivu zenye mawimbi, chukulia kwamba zina asibesto mpaka maabara iseme vinginevyo. Usizitoboe, usizikate, usizisugue; hatari ni vumbi lake linaloingia mapafuni. Kuziondoa ni kazi ya wataalamu na gharama yake iingie kwenye hesabu ya bei.

Kisha panda juu ya dari, uzime tochi. Nukta za mwanga unazoziona ndimo maji yanamopita. Iwashe tena, utafute alama za maji kwenye kenchi (mbao zinazobeba paa), mbao zilizoungwa ovyo, na vijia vya udongo vya mchwa. Dunga mbao kwa bisibisi: nzima inakataa, iliyoliwa inapokea. Wenye nyumba husahau kupaka rangi huku juu, ndiyo maana dari husema kweli kuliko sebule.

Hatua ya 6: Ndani, unyevu

Ukiingia, vuta pumzi kabla hujatazama chochote. Manukato makali na madirisha yote wazi yanaweza kuwa ukarimu, na yanaweza kuwa kinga ya harufu ya ukungu. Rangi mpya kwenye ukuta mmoja tu, au kwenye nusu mita ya chini tu, iguse. Igongegonge. Plasta iliyoachana na tofali inatoa mlio mtupu.

Unyevu una njia nne, na kila njia ina tiba yake. Unaopanda kutoka ardhini huanzia chini na kwa kawaida huishia karibu mita moja, ukiacha mstari na unga mweupe wa chumvi. Unaoshuka kutoka paani huacha duara za kahawia kwenye dari. Wa bomba hukaa sehemu moja, mara nyingi nyuma ya bafu au jiko, na haujali kama mvua imenyesha au la. Wa nne ni mvuke wa watu na mapishi katika chumba kisichopata hewa. Huota ukungu mweusi kwenye kona na nyuma ya makabati. Ukikosea njia, utavunja sakafu kwa tatizo ambalo lingekwisha kwa kufungua dirisha.

Pa kutilia shaka, bandika kipande cha nailoni ukutani au sakafuni, ziba kingo zote kwa gundi ya utepe, uache kwa saa 24. Matone yakiwa chini ya nailoni, unyevu unatoka ukutani. Yakiwa juu yake, unatoka hewani.

Gololi nayo ina kazi: iweke sakafuni vyumba mbalimbali. Kuviringika kidogo ni kawaida. Ikikimbilia upande uleule nyumba nzima, na milango ya upande huo inakwaruza fremu, rudi nje ukatazame msingi wa upande huo.

Hatua ya 7: Mabomba na vyoo

Funga koki zote, soma mita ya maji, subiri nusu saa, usome tena. Ikisogea, kuna bomba linavuja mahali usipopaona. Kwenye tangi la choo tia matone ya rangi ya chakula na usifleshi kwa dakika 20. Rangi ikitokea kwenye bakuli, maji yanapotea mchana na usiku.

Jaza masinki yote, uyaachie kwa pamoja, huku tochi ikimulika chini yake. Choo kikigugumia sinki linapotoa maji, huenda bomba la kupumulia limeziba au halikuwekwa kabisa. Funua chemba za nje, yaani mashimo yenye mifuniko ya kukagulia bomba la maji taka. Mizizi, au maji yaliyosimama ndani ya chemba, maana yake njia imeziba au mteremko ni mbaya. Kuhusu shimo la maji taka, uliza lilinyonywa lini mara ya mwisho, na utazame kama kuna sehemu ya uwanja yenye majani mabichi kupita kiasi.

Hatua ya 8: Umeme

Hapa usijifanye fundi, usifungue kisanduku. Tazama soketi zenye alama za kuungua, nyaya zinazoning'inia, na kama kuna kifaa kinachokata umeme unapovuja. Cha kulinda watu kwa kawaida hukata kwenye miliampea 30. Kina kitufe cha majaribio. Kikibonyezwa kisikate, hakina kazi. Mengine, pamoja na waya wa kwenda ardhini, apime fundi umeme mwenye leseni.

Hatua ya 9: Kusoma ripoti

Anza na sehemu ambayo wengi huiruka: yale ambayo mkaguzi hakuyafikia. Mkaguzi havunji ukuta wala hafunui vigae. Kama mlango wa kupandia darini ulizibwa na kabati, paa halijakaguliwa, na inafaa arudi.

Kisha panga mambo kwa mafungu matatu. Kwanza, yanayoweza kuua au kujeruhi: umeme, zege linalobanduka, ukuta uliolala. Pili, ya gharama kubwa: msingi, paa, maji taka. Tatu, yale ya kila nyumba, kama koki inayodondosha. La tatu lisikupotezee muda mezani. Ukimletea muuzaji orodha ya bawaba, hatakusikiliza utakapofika kwenye msingi. Kwa mafungu mawili ya kwanza, pata makadirio ya mafundi wawili tofauti, uende nayo kwenye mazungumzo.

Binafsi napendelea bei ipunguzwe kuliko muuzaji arekebishe. Anayehama hutafuta fundi wa bei nafuu. Mkikubaliana arekebishe yeye, kila kitu kiandikwe, na kikaguliwe tena kabla ya malipo ya mwisho.

Hatua ya 10: Kama wewe ndiye muuzaji

Ajiri mkaguzi wako kabla ya kutangaza. Utayajua mapema yatakayosemwa na wa mnunuzi, na utayatengeneza kwa muda wako badala ya kushinikizwa dakika za mwisho. Tibu chanzo kwanza, kisha paka rangi, maana rangi juu ya unyevu hudumu mpaka mvua ya kwanza. Tunza risiti na picha za kazi iliyofanyika. Yale usiyoyatengeneza yaseme kwa maandishi. Katika nchi nyingi kuficha kasoro unayoijua kunaweza kukufikisha mahakamani hata baada ya kukabidhi funguo.

Siku mkaguzi wa mnunuzi anapokuja, acha njia wazi ya kufika darini, kwenye mita, kwenye kisanduku cha umeme na kwenye chemba. Mbwa afungwe. Kisha mwache afanye kazi. Ukimfuata nyuma ukimweleza kila doa, atasimama kwenye kila doa.