Baada ya ajali: OCS (mkuu wa kituo cha polisi) awafanyie nini askari waliobeba miili

Ajali ya barabarani kama ile ya Londiani, Kenya, ya tarehe 30 Juni 2023 ikitokea, askari wa kituo cha karibu huwa kati ya wanaofika mwanzo na kuondoka mwisho. Wewe OCS huhitajiki kuwatibu. Unahitajika kupanga zamu, usingizi na silaha ili wasizidi kuumia, na kumtambua mapema anayehitaji mshauri.

Ukiwa bado barabarani, andika majina ya wote waliogusa miili, pamoja na dereva wa Land Cruiser, maana dereva husahaulika mno. Aliyebeba miili mchana asipangiwe lindo la mochari usiku huohuo. Kituoni kuwe na maji, sabuni na chai ya moto. Sare zenye damu zibaki hapohapo, ziloweshwe kwenye maji baridi. Maji moto hugandisha damu kwenye kitambaa. Askari akienda nazo nyumbani, mkewe ndiye atakayezifua, na watoto watayaona maji mekundu kwenye beseni. Maelezo marefu ya kuandika yangoje asubuhi, ikiwa uchunguzi unaruhusu.

Usiitishe kikao cha lazima ambapo kila mtu anasimulia alichokiona. Shirika la Afya Duniani halipendekezi kikao cha namna hiyo kwa waliotoka kwenye tukio la kutisha, kwa kuwa hakizuii maradhi ya kiwewe. Isitoshe, anayesikiliza huondoka na picha za mwenzake juu ya zake mwenyewe.

Badala yake, zungumza na mmoja mmoja mara mbili: saa 72 zikishapita, kisha siku ya 28. Ratiba hiyo imetokana na utaratibu ulioanzia kwa askari wa majini wa Uingereza. Dakika 20 zinatosha. Usimweke mbele ya meza yako kama aliyeshtakiwa. Tembeeni uani au kaeni kwenye benchi. Uliza mambo madogo: “Jana ulilala saa ngapi, ukaamka saa ngapi? Chakula kinapita? Nyumbani mnaongeaje?” Usimuulize miili ilikuwaje. Akitaka kusema mwenyewe, msikilize, usimkatize kwa “jikaze, afande”. Neno hilo moja linatosha kumfunga mdomo mwaka mzima. Mazungumzo haya hayaandikwi kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo.

Kukosa usingizi na kushtuka ovyo wiki za mwanzo ni kawaida, na kwa wengi hupungua. Mpeleke kwa mshauri ikiwa siku ya 28 hali ni ileile, na usingoje siku hiyo ukiona anakunywa kabla ya zamu, anawapiga mahabusu, anakwepa barabara ileile kila doria, au anagawa vitu vyake. Hapo muulize waziwazi: “Umefikiria kujiua?” Swali hilo halimtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo.

Akijibu ndiyo, usimwache peke yake hata kwenda msalani. Mpeleke hospitali akiwa na mwenzake anayemwamini, na wakati mnapanga gari mnaweza kupiga 1199, laini ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya. Asitishwe na kesi: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakwenda kinyume cha Katiba.

Silaha ndipo wakuu wengi hukosea. Ukimnyang'anya mmoja bunduki mbele ya gwaride, umemtia alama, na wenzake watajifunza kuficha. Weka kanuni ya kituo kizima: zamu ikiisha, kila bunduki na kila risasi inarudi ghalani, inahesabiwa, inatiwa sahihi, ya sajini na ya konstebo vilevile. Kisha mpe anayeumwa kazi ya dawati mchana, pamoja na mwenzake. Likizo ya wiki mbili chumbani peke yake na chupa humzidishia, na uhamisho wa ghafla ataupokea kama adhabu.