Tunga dansi kutokana na ukumbi: mwongozo wa hatua kwa hatua

Watunzi wengi hufika ukumbini na dansi iliyokwisha kukamilika, kisha mazoezi yote yanaishia kwenye kukata stepu, kubanana na kugongana viwiko. Mimi huuacha ukumbi uanze. Urefu wa chumba huamua mbio zitafika kasi gani, sakafu huamua utaruka mara ngapi, na mahali alipoketi mtazamaji huamua mkono mdogo utaonekana au hautaonekana. Ukiyajua haya mapema, utunzi unakwenda vizuri na wachezaji hawaumii ovyo.

Andaa utepe wa kupimia, utepe wa kunata, chaki, na kipande kimoja cha dansi cha hesabu 8 (mapigo manane ya muziki) ambacho wachezaji wako wanakijua barabara. Kiwe na mkono unaokwenda pembeni, mzunguko mmoja, na hatua mbili tatu za kusafiri.

Hatua ya 1: Tembea kabla ya kuwasha muziki

Vua viatu. Tembea ukuta kwa ukuta, halafu kona kwa kona, kisha pima. Chumba cha mita 8 kwa 6 kina mshazari wa mita 10, yaani mita 2 zaidi ya ukuta wake mrefu. Ndiyo maana mbio na miruko hupelekwa kona kwa kona. Lakini mita zote 10 si zako. Anayekimbia anahitaji mahali pa kuanzia na mahali pa kusimama, kwa hiyo toa mita 1.5 kila upande, zibaki 7. Hapo zinaingia hatua chache za mbio, mruko mmoja mkubwa na kutua kwake. Miruko miwili mikubwa mfululizo haiingii, hata uwahimize namna gani.

Kisha kimbieni kwa duara. Mtu anayekimbia mita 3 kwa sekunde kwenye duara lenye nusu kipenyo cha mita 3 anainama kuelekea ndani kiasi cha nyuzi 17. Punguza nusu kipenyo kiwe mita 1.5 kwa kasi ileile, na mwinamo unafika nyuzi 31. Hakuna aliyemwambia ainame, duara ndilo limemwinamisha. Kwa hiyo ukitaka miili inayolala upande, usiwapigie kelele za "inama zaidi". Chora duara dogo zaidi kwa chaki, waache wakimbie. Ila hakikisha kwanza sakafu haitelezi, kwa sababu kwenye mwinamo huo nyayo zisiposhika, mtu anakwenda chini.

Hatua ya 2: Isome sakafu kwa mguu

Hapa usiwe na haraka. Piga kisigino chini usikilize. Mlio wa uwazi maana yake kuna mbao na hewa chini yake, na mlio mzito uliokufa maana yake ni zege, hata kama juu pametandikwa kitu kizuri. Ruka mara tatu nne palepale, bila viatu, usikie nguvu ya kutua inaishia wapi. Sakafu iliyojengwa kwa ajili ya dansi hubonyea kidogo na kuchukua sehemu ya ule mshindo. Zege halichukui chochote: ugoko, goti na kiuno vinabeba vyote.

Kwenye zege mimi huondoa miruko mingi bila huruma. Badala yake naweka kushuka kwa magoti, kuhamisha uzito taratibu kutoka mguu hadi mguu, na mikono inayopanda juu ili ule urefu usipotee. Mruko mmoja uliobaki, ukiuweka mahali pake, unapata thamani ambayo kumi mfululizo isingekuwa nayo.

Zulia lina hatari nyingine. Linakamata wayo, na mwili unapozunguka goti ndilo linalosokotwa. Vunja mzunguko wa mguu mmoja uwe hatua ndogo tatu za kuzunguka. Vigae laini vinakuruhusu kuteleza, basi teleza kwa makusudi badala ya kupigana navyo. Mchanga unameza ule msukumo wa kisigino, kwa hiyo miruko inakuwa mifupi na mapaja yanachoka mapema, lakini kuanguka na kubingirika kunakuwa raha.

Angalia pia mwinamo wa sakafu. Majukwaa mengi ya zamani ya Ulaya yalijengwa yakishuka kuelekea kwa watazamaji. Jukwaa la Palais Garnier, jumba la opera na baleti jijini Paris, lina mwinamo wa asilimia 5, yaani kila mita moja unayosogea mbele unashuka sentimita 5. Kwa anayetembea si kitu. Kwa anayezunguka kwenye ncha ya mguu mmoja, uzito wote unamvuta kwa watazamaji, na lazima auhamishie nyuma kidogo kabla hajaanza. Ukicheza kwenye mteremko wowote, nje au ndani, rudia kila mzunguko ukiwa umeelekea pande zote nne. Utaona upande mmoja unakubali na mwingine unakataa.

Hatua ya 3: Dari na kuta

Mtu wa mita 1.7 akinyoosha mikono juu anafika karibu mita 2.2. Ongeza mruko wa sentimita 40, tayari yuko mita 2.6. Kama dari iko chini ya hapo, chagua mikono au mruko, na kumbeba mwenzako juu ya kichwa usahau.

Rudolf Laban (1879–1958), mtunzi na mwananadharia wa dansi, alifundisha kuiona nafasi inayofikiwa na mikono na miguu bila kupiga hatua kama tufe linalotembea na mwili. Ukuta unaanza kulikata tufe hilo kabla hujaugusa: mtu akiwa karibu na ukuta, kiwiko cha upande ule kinajikunja chenyewe. Ukitaka ukuta uwe rafiki, uguse kabisa. Egemea, sukuma, panda kwa mguu mmoja. Mwaka 1970 Trisha Brown, mtunzi wa dansi wa Marekani, alimtembeza mtu kwa kamba kutoka juu hadi chini kwenye ukuta wa nje wa jengo jijini New York. Alichofanya mtu yule ni kutembea tu, lakini kwa kuwa ukuta umekuwa sakafu, kila hatua ilikuwa kazi kwa mwili mzima.

Hatua ya 4: Kitie kipande chako kwenye miraba

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote. Chezeni zile hesabu 8 katikati ya chumba. Kisha zichezeni konani, halafu ubavuni mwa ukuta, na mwisho ndani ya mraba wa mita 1.5 uliouchora kwa utepe. Usirekebishe chochote. Kaa uangalie.

Ndani ya mraba, karibu kila mtu hukosea vilevile: anafanya stepu zilezile kwa udogo. Mkono uliokuwa unafagia pembeni unafagia nusu, hatua inakuwa kijihatua, na dansi inaonekana kama ya mtu mwenye aibu. Kosa ni kupunguza ukubwa na kuacha mengine yote yalivyo. Jaribu kubadilisha kitu kingine.

Chukua ule mkono. Hauwezi kwenda pembeni, basi upandishe: kiwiko kianze kupita karibu na mbavu, kiganja kifuate, mkono unyooke juu ya bega. Angalia mgongo. Ili kiwiko kipite, mbavu zimegeuka, na kwa kuwa mbavu zimegeuka, goti la upande wa pili limelegea. Stepu ya mkono imekuwa stepu ya mwili mzima, na ni ule mraba uliokupa.

Hatua za kusafiri nazo zisizoingia, zigeuze kimo: badala ya kwenda mbele mita 2, shuka hadi kuchuchumaa kwa hesabu zilezile 2. Au geuza muda, hatua moja ichukue hesabu 4, pole sana. Rudini katikati ya chumba baada ya hapo mkicheze kile cha mraba mahali penye nafasi tele. Mara nyingi ndicho kinachobaki kwenye onyesho.

Hatua ya 5: Hesabu watu

Mchezaji anayenyoosha mikono na mguu anahitaji mraba wa karibu mita 2.5. Chumba chetu cha 8 kwa 6 kinapata miraba 6 tu ya namna hiyo. Ukiwa na watu 10, wanne wawe chini, wamesimama wima, au wanapita katikati ya wenzao.

Hatua ya 6: Nguzo

Usiifunike. Kwenye jukwaa la Noh, tamthilia ya jadi ya Japani yenye nyimbo na dansi, ambalo ni mraba mdogo wenye nguzo nne, mwigizaji mkuu huvaa kinyago kinachombania macho, na nguzo ya kona ya mbele ndiyo inayomwonyesha yuko wapi. Nawe ipe nguzo kazi: mahali pa kugeukia, pa kujificha, pa kushikia ili mwili uinamie mbali kuliko miguu inavyoruhusu.

Hatua ya 7: Kaa kwenye viti vyote

Watazamaji wakikaa upande mmoja, mshazari unaonyesha mwili kwa kina na mstari wa ubavu kwa ubavu unaubapa. Wakizunguka pande zote, hakuna mbele tena, kwa hiyo mgongo lazima ucheze. Wakiwa mbali, vidole havionekani, peleka maana mabegani na kiunoni. Mlio wa spika iliyo umbali wa mita 34 hufika ukiwa umechelewa sehemu ya kumi ya sekunde. Kwenye uwanja mkubwa, walio nyuma wafuate mwili wa aliye mbele, wasifuate sikio.

Hatua ya 8: Hamisha ukumbi kwa utepe

Kama mnafanyia mazoezi pengine, omba vipimo vya ukumbi wa onyesho, nguzo na milango ikiwemo, uvichore chini kwa utepe tangu wiki ya kwanza. Siku ya kuingia ukumbini, kabla ya taa na mavazi, chezeni dansi yote mara moja kwa kutembea tu. Stepu zitakazogoma zitajionyesha, na muda wa kuzibadilisha bado mtakuwa nao.